Fundi wa Karatasi Aliyewafanya Wanyama Wajongee

Shule zinapofunguliwa kila mwaka, kilio cha vitabu husikika kote nchini. Wazazi hulalamikia bei, walimu hulalamikia uhaba, nao wauzaji hulalamikia wanunuzi wasiofika. Kilio hicho ni cha haki. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lenye uzito zaidi, nalo ni hili: je, kitabu cha mtoto mdogo kinapaswa kumfanyia mtoto huyo kazi gani? Wengi wetu tumeridhika mradi kitabu kina herufi kubwa, picha mbili tatu na idhini ya wakubwa. Mtoto huonyeshwa picha ya simba, akaambiwa huyu ni simba, akaitikia kwa sauti moja na wenzake kwamba huyo ni simba, na somo likaishia hapo.

Nakusudia kulijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1925. Mtu huyo ni mchoraji wa Kijerumani aitwaye Lothar Meggendorfer. Jina lake halijazoeleka masikioni mwetu, lakini kokote duniani ambako watu huunda vitabu ambavyo mtoto akivifungua tembo husimama wima, au akivuta ulimi wa karatasi mamba hupanua kinywa, jina hilo hutajwa kwa taadhima. Yeye ndiye aliyeuchukua mchezo wa karatasi na kuufanya sanaa. Naamini kwamba maisha yake yana funzo kubwa kwa mwalimu wa Kenya, na vilevile yana onyo. Nitayasimulia yote mawili.

Meggendorfer alizaliwa tarehe 6 Novemba 1847 katika jiji la Munich, lililokuwa makao makuu ya ufalme wa Bavaria. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Iliungana mwaka 1871, naye tayari alikuwa mtu mzima. Kuzaliwa Munich kulikuwa bahati kwa mtu wa kipaji chake, kwa maana jiji hilo lilikuwa kitovu cha uchapaji wa picha. Huko ndiko Alois Senefelder alikovumbua lithografia mnamo mwaka 1796, yaani ufundi wa kuchora juu ya jiwe laini kwa wino wa mafuta, kisha kulilowesha jiwe hilo maji na kulipaka wino ili alama zilizochorwa pekee zishike. Kwa ufundi huo picha moja iliweza kurudufiwa maelfu ya mara kwa gharama nafuu. Pasipo jiwe la Senefelder, pengine tusingalikuwa na vitabu vya watoto vyenye rangi kama tunavyovijua.

Kijana huyo alisomea sanaa katika Chuo cha Sanaa cha Munich, kisha akajipatia riziki kwa kuchora vichekesho katika jarida la Fliegende Blätter, lililochapishwa na kampuni ya Braun & Schneider. Huenda msomaji akadhani kwamba kuchora vikatuni ni kazi ya upuuzi. Mimi sioni hivyo. Mchoraji wa vikatuni hana nafasi ya maelezo marefu. Lazima mstari mmoja useme kwamba mtu huyu ni mwenye kiburi, na mstari wa pili useme kwamba yuko karibu kuanguka. Meggendorfer alijifunza hapo kuyasoma maungo ya viumbe: jinsi shingo inavyoinama mtu anapotahayari, jinsi mguu unavyotangulia mtu anapotaka kutoroka. Elimu hiyo ndiyo iliyomfaa baadaye alipoanza kuunda wanyama wa karatasi.

Mwaka 1878 kilitoka kitabu chake cha kwanza cha picha zinazojongea, ambacho jina lake la Kijerumani lina maana ya Picha Zilizo Hai. Husimuliwa kwamba kazi hiyo ilianza kama zawadi ya Krismasi kwa mwanawe mdogo, naye mchapishaji alipoiona akatambua kwamba watoto wa watu wengine nao wangeipenda. Kuanzia hapo, kwa muda wa miongo mitatu hivi, Meggendorfer alitoa vitabu vya aina hiyo mfululizo, vingine kwa Braun & Schneider wa Munich na vingine kwa J. F. Schreiber wa mji wa Esslingen. Tafsiri zilitolewa kwa Kiingereza mjini London na zikauzwa hadi Marekani.

Ni haki niseme kwamba si yeye aliyekuwa wa kwanza kukiweka kitu kinachojongea ndani ya kitabu. Asili ya ufundi huo ni ya kale, na kwa hakika haikuwa ya watoto. Katika karne ya 13 mwanafalsafa Ramon Llull wa Majorca alitumia duara za karatasi zilizopachikwa moja juu ya nyingine ili kuzizungusha na kuzilinganisha fikra. Wanajimu walitumia duara kama hizo kukadiria mwendo wa sayari. Katika karne ya 16 matabibu wa Ulaya walikuwa na picha za mwili wa binadamu zenye vifuniko vya karatasi. Ukifunua kifua unaona moyo, ukifunua tumbo unaona matumbo. Watoto walikumbukwa baadaye sana. Mnamo mwaka 1765 Robert Sayer wa London alianza kuuza vijitabu vya kufunua vilivyosimulia visa vya michezo ya jukwaani, na katikati ya karne ya 19 kampuni ya Dean & Son, ya London vilevile, ikavifanya vitabu vya picha zinazojongea kuwa biashara kamili.

Basi ni kitu gani kilichomtofautisha Meggendorfer na hao waliomtangulia? Jibu limo ndani ya ukurasa wenyewe, mahali pasipoonekana. Katika vitabu vya watangulizi wake, mtoto alivuta ulimi wa karatasi na kitu kimoja kikajongea: mkono ukapanda, mkono ukashuka. Katika vitabu vya Meggendorfer mtoto huvuta ulimi huo mmoja, na picha nzima ikaamka. Macho yanazunguka, taya linashuka, mkono unainuka, na mara nyingine jambo moja hutangulia na jingine likafuata, kana kwamba mnyama yule amefikiri kwanza kabla ya kutenda. Ili kulifanikisha hilo, alichukua karatasi mbili ngumu na kuzigandisha kingo zake, na katika uwazi uliobaki kati yake akaficha mtandao wa wenzo za karatasi. Kila wenzo uliungwa na mwenziwe kwa pini ndogo ya waya mwembamba wa shaba, ambayo ncha zake zilikunjwakunjwa mfano wa konokono ili isichomoke na wala isikaze mno. Sehemu zote hizo zilikatwa, zikapangwa na kuungwa kwa mikono ya wafanyakazi, nakala baada ya nakala.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Kitabu cha Meggendorfer ni ushahidi wa methali hiyo. Upande wa mbele mtoto anaona kichekesho. Upande wa nyuma kuna hesabu. Wenzo ukiwa mrefu kwa kiasi kidogo tu kupita kipimo chake, jicho la nyani litatokea shavuni. Pini ikiwekwa pasipo pake, mkonga wa tembo utakwama njiani. Nilipoisoma habari ya mitambo hiyo, nilimfikiria mwalimu wa sayansi anayeandika ubaoni maana ya wenzo na egemeo, kisha akawataka wanafunzi waikariri kwa ajili ya mtihani. Wenzo na egemeo ndivyo hivyo vilivyomfanya mtoto wa Munich acheke hadi machozi yamtoke.

Kati ya kazi zake zilizosifika ni kitabu cha sarakasi cha mwaka 1887. Hicho hakikuwa cha kuvuta. Kilikunjuliwa kama pazia, na kila sehemu ilipofunguliwa, farasi, wacheshi, wanasarakasi na watazamaji walisimama katika tabaka moja nyuma ya jingine. Mtoto aliweza kukisimamisha mezani katika umbo la nusu duara, akawa na uwanja mzima wa sarakasi mbele yake. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha bustani ya mji, na mwaka 1889 kikafuata cha nyumba ya mwanasesere. Vitabu hivyo vilikuwa vitu vya kuchezewa na kusomwa kwa wakati mmoja. Mtoto hakuhitaji kusimuliwa hadithi. Aliwekewa mahali pa kuitungia hadithi yake mwenyewe.

Wanyama ndio hasa walionivuta mimi kuyaandika haya. Kimojawapo cha vitabu vyake, ambacho jina lake maana yake ni Karibu na Mbali, ni kitabu cha kuvuta cha wanyama, wale wa nyumbani kwa Mjerumani na wale wa nchi za mbali. Katika kingine anasimulia safari za mchoraji mdogo mno wa kimo aliyeandamana na mtumishi wake aitwaye Damian, na humo hatari za nchi za mbali zimefanywa kuwa kichekesho. Wanyama wa Meggendorfer wana tabia. Nyani ana majivuno, mamba ana tamaa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakawia kuona kwamba huo ni ufundi ule ule wa hekaya zetu za Sungura na Fisi, ambamo mnyama huvikwa tabia ya mtu ili mtu ajicheke pasipo kuona haya.

Hapa ndipo linapokuja lile onyo nililolitaja. Inatupasa tujiulize mtoto wa Munich aliwajulia wapi wanyama hao wa mbali. Bustani kubwa ya wanyama ya jiji hilo, iitwayo Hellabrunn, ilifunguliwa mwaka 1911, wakati Meggendorfer alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Kabla ya hapo, wengi waliwaona wanyama hao katika maonyesho yaliyotembezwa mji hadi mji, au katika sarakasi, au katika vitabu. Nao wanyama waliofungiwa katika matundu hayo walikuwa bidhaa. Mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote alikuwa Carl Hagenbeck wa Hamburg, aliyewanunua tembo, twiga na simba walionaswa Sudan na kwingineko barani Afrika, akawauza Ulaya na Marekani. Hagenbeck huyo hakutosheka na wanyama. Kuanzia mwaka 1874 aliwaonyesha pia binadamu, na mnamo mwaka 1876 alileta Wanubi kutoka Sudan, wakazungushwa mijini ili watu walipe kiingilio na kuwatazama pamoja na mifugo yao.

Tutazame pia kalenda. Mwaka 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya maeneo ya bara ambayo baadaye yaliitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na mwaka huohuo Wajerumani wakaiweka Witu, katika pwani yetu ya Kenya karibu na Lamu, chini ya himaya yao. Waliishika Witu hadi mwaka 1890, walipoiacha mikononi mwa Waingereza kwa mkataba ule uliowapatia kisiwa cha Heligoland. Basi miaka ambayo Meggendorfer alikuwa katika kilele cha kazi yake ndiyo miaka ambayo serikali yake ilikuwa ikigawana nchi zetu na wenzake. Sisemi kwamba mchoraji huyo alipanga njama yoyote. Nasema tu kwamba kitabu cha mtoto hakizaliwi angani. Katika vitabu vya Ulaya vya enzi hiyo, Mwafrika alichorwa aghalabu kama kikaragosi wa kuchekwa, akawekwa ukurasa mmoja na mamba na nyani, na mtoto aliyezoea kumvuta kwa ulimi wa karatasi alikua akidhani kwamba ndivyo mtu huyo alivyoumbwa.

Walimu wa Kiswahili watakumbuka kwamba kutoka Württemberg, nchi ile ile ulikokuwa mji wa Esslingen, ndiko alikotoka pia Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyeishi Rabai na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa hiyo katika muongo mmoja, eneo dogo la Ujerumani ya kusini lilihusika na mambo mawili: kamusi iliyowachukua Waswahili kwa uzito wa kutosha hata ikayahifadhi maneno yao, na vitabu vya michezo ambavyo viliipeleka Afrika katika chumba cha watoto kama nchi ya kuchekesha. Mwalimu mwenye busara atawafundisha wanafunzi wake kwamba elimu na dharau huweza kusafiri katika jahazi moja, na kwamba ni kazi ya msomaji kupakua kimoja na kukitosa kingine baharini.

Narudi kwa Meggendorfer. Mnamo mwaka 1889 alikuwa na jarida lake mwenyewe la vichekesho lenye jina lake, naye alilisimamia kwa miaka mingi kabla ya kuliacha mikononi mwa wengine mwanzoni mwa karne ya 20. Jarida hilo liliishi kuliko yeye. Liliunganishwa na Fliegende Blätter, lile alilolianzia kazi, mwaka 1928. Lakini vitabu vyake vya kujongea havikuwa na bahati hiyo. Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914, njia za biashara kati ya Ujerumani na Uingereza zilikatika, vijana waliokuwa wakifanya kazi viwandani wakapelekwa vitani, na karatasi nzuri ikawa adimu. Amani iliporejea, Ujerumani ilikuwa imefilisika. Mwaka 1923 thamani ya fedha yake iliporomoka hata mishahara ikabebwa kwa vikapu. Ni nani katika hali hiyo angelipa wafanyakazi wa kukunja waya wa shaba ili nyani azungushe macho? Meggendorfer alifariki mjini Munich tarehe 7 Julai 1925, akiwa na umri wa miaka 77, na ufundi wake ulikuwa umekwisha kupitwa na wakati.

Kulikuwa na adui mwingine wa vitabu hivyo, naye ndiye aliyeandikiwa: mtoto. Katika kimojawapo Meggendorfer aliweka beti za kuwasihi watoto wavishughulikie viumbe vyake kwa upole, kwa kuwa ni vya karatasi na huenda vikachanika. Watoto walisoma, wakacheka, wakavuta, na vikachanika. Nakala nzima zilizosalia leo ni chache, na wanaozimiliki ni makumbusho, maktaba kubwa na matajiri wakusanyaji. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni hasara. Kwangu mimi, kitabu cha mtoto kilichochakaa kwa kuchezewa kimetimiza wajibu wake, na kitabu kilichobaki kipya kabatini mwa mwalimu mkuu hakijaanza kazi.

Jina la fundi huyo lilifufuka baada ya nusu karne. Mwaka 1975 duka moja la vitabu adimu la New York lilitoa orodha ya michoro na vielelezo vyake vya kazi, na watu wakaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa akiwaelekeza wafanyakazi wake. Maurice Sendak, mchoraji mashuhuri wa vitabu vya watoto wa Marekani, aliandika kumsifu. Wakati huo vitabu vya picha za kusimama vilikuwa vimeanza kushamiri upya. Vojtěch Kubašta wa Prague, aliyeishi kati ya mwaka 1914 na 1992 na ambaye alisomea usanifu wa majengo, alikuwa amewaumbia watoto safina ya Nuhu na wanyama wa porini kwa mikunjo ya karatasi. Huko Marekani shirika la National Geographic lilitoa katika miaka ya 1980 mfululizo wa vitabu vya kusimama vya wanyama, ambamo kichekesho kilipisha sayansi. Mwaka 1993 kikaundwa huko chama cha wapenzi wa vitabu vinavyojongea, na tangu mwaka 1998 chama hicho hutoa tuzo yenye jina la Meggendorfer.

Na vitabu hivyo vipya viliundwa wapi? Hapa naomba wanauchumi wetu watege sikio. Hakuna mashine iliyoweza kuichukua kazi yote ya vidole, kwa hivyo wachapishaji wa Marekani na Uingereza walizipeleka karatasi zao Colombia, Singapore na baadaye China, ambako mamia ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, walikunja, wakagundisha na kupachika. Jamii ambayo wanawake wake husuka vyondo na mikeka yenye hesabu ngumu kuliko za vitabuni, na ambayo vijana wake huunda magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu, haina sababu ya kusema kwamba kazi hiyo ni ngeni kwake. Kilichokosekana kwetu ni mtu wa kuona kwamba gari la waya na kitabu cha sayansi ni ndugu wa tumbo moja.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, uliahidi kulitibu tatizo hilo. Sanaa na Ufundi vilifundishwa, wanafunzi wakafinyanga na kusuka. Kisha mitihani ikapunguzwa, masomo hayo yakaondolewa kwenye karatasi za KCPE, na kwa kuwa kisichotahiniwa hakifundishwi, yakafifia. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeyarejesha. Nami naogopa kwamba historia itajirudia iwapo tutaziacha kazi za mikono ziwe mzigo wa mzazi anayetumwa usiku kutafuta gundi na karatasi za rangi, huku mtoto akilala. Kitu alichokiunda mzazi hakimfundishi mtoto.

Ndiposa napendekeza jambo lisilo na gharama. Mwalimu na atwae karatasi ngumu, hata ikiwa ni ya kalenda iliyopitwa na wakati. Aikunje katikati. Katika mkunjo, akate mstari mmoja ulionyooka wa sentimita tano hivi kuelekea ndani. Azikunje pembe mbili zilizo pande zote za mkato huo ziwe pembetatu, kisha azirudishe, aifungue karatasi, na kuzisukuma pembetatu hizo kwa ndani. Karatasi ikifungwa na kufunguliwa, kinywa kitapanuka na kufumba. Sasa mtoto achore kiboko kukizunguka kinywa hicho. Atauliza mwenyewe meno ya kiboko yakoje, na hapo mwalimu atakuwa amepata kile ambacho fimbo haijawahi kukipata, yaani mtoto anayeuliza.

Wa madarasa ya juu waendelee mbele. Kichwa na shingo ya twiga vikatwe peke yake katika katoni, vifungwe kwenye kiwiliwili kwa uzi wenye fundo mbele na nyuma, badala ya waya wa shaba wa Meggendorfer. Kwa nyuma, mbali kidogo na fundo, pagandishwe ukanda wa karatasi unaopita katika tundu hadi nje. Ukivuta, twiga atainama kunywa maji. Kisha mwalimu awaambie wausogeze ukanda huo karibu zaidi na fundo, nao wataona kwamba mvuto mdogo sasa unakizungusha kichwa mbali zaidi, ila unahitaji nguvu zaidi. Somo la wenzo limekwisha, na hakuna aliyekariri neno.

Kuna sababu nyingine ya kulihimiza jambo hili, nayo inahusu hao wanyama wenyewe. Watalii huvuka bahari kuja kuwatazama simba wetu, na ilhali maelfu ya watoto wa Kenya hawajapata kumwona simba ila katika picha iliyochorwa na mtu wa nchi nyingine. Wengine wamesoma vitabu vinavyomweka chuimilia katika msitu wa Afrika, ingawa chuimilia ni mnyama wa Asia. Wanafunzi wa nchi hii ndio walioanzisha, mwaka 1968, Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, wakiwa wa kwanza barani kufanya hivyo. Urithi huo ni wa kujivunia. Mtoto aliyeijenga shingo ya twiga kwa mikono yake, akahesabu urefu wake na kuona jinsi mnyama huyo anavyotaabika kuinama mtoni, hatakuwa mwepesi wa kumwita mnyama huyo nyama tu, au fedha tu. Fauka ya hayo, akimchora mchungaji wa Kimaasai au mvuvi wa Lamu kando ya mnyama huyo, atamchora kama jirani anayemjua, si kama kikaragosi wa kuvutwa kwa uzi.

Najua kwamba kuna walimu watakaosema kwamba darasa lenye wanafunzi sabini haliruhusu mizaha ya mkasi na gundi. Hoja hiyo ina nguvu, na siipuuzi. Lakini mkasi mmoja ukiwatosha watoto kumi, na kila kundi likaunda mnyama mmoja, mwisho wa muhula darasa hilo litakuwa na kitabu chake cha wanyama saba, kilichoandikwa kwa Kiswahili sanifu na kuundwa na wenyewe, ambacho darasa litakalofuata litakikuta. Kikichanika, watakirekebisha, na katika kukirekebisha watajifunza zaidi ya walivyojifunza waliokiunda.

Meggendorfer hakutuachia nadharia ya elimu, wala hakuwa mwalimu. Alituachia imani moja iliyofichwa kati ya karatasi mbili: kwamba mtoto hujifunza zaidi pale mkono wake unapokuwa chanzo cha kinachotokea. Makosa ya enzi yake tuyakatae bila kusita. Ufundi wake tuuchukue, maana ufundi hauna kabila wala mpaka. Samaki mkunje angali mbichi, na karatasi mkunjie mtoto angali mdogo. Walimu wa darasa la kwanza, muhula ujao waanzeni na kiboko.